Kiapo cha Kumsitiri Ghazi

Midanzi, ile michungwa yenye matunda machungu, inapochanua mjini Nabeul, hakuna mtoto wa mtaa wa wafinyanzi anayelala hadi jua lichomoze. Maua huchumwa alfajiri, yangali na umande, kabla jua halijayanyonya harufu. Ndivyo alivyosema Bibi Manubia, na nyumbani kwake neno la Bibi lilikuwa sheria. Hata paka aliitii.

Asubuhi hiyo mjukuu wake, Sundus, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa juu ya ngazi ya mbao katikati ya ua. Chini yake lilitandazwa shuka jeupe, na maua yalikuwa yakidondoka juu yake kidogo kidogo. Kidogo kidogo kwa sababu mkono mmoja ulichuma na mwingine ulishika mkate uliopakwa harisa ya pilipili.

"Wewe mtoto, unachuma au unakula?" Bibi aliuliza.

"Vyote viwili, Bibi."

"Mshika mawili moja humponyoka. Ukianguka hapo nitakutia mtungini pamoja na maua."

Sundus alicheka, akaumaliza mkate kwa tonge moja. Pembeni mwa ua mtungi mkubwa wa shaba ulikuwa tayari umewekwa motoni, na bomba lake lilitoa marashi tone kwa tone. Marashi ya midanzi kwa Bibi Manubia yalikuwa dawa ya kila kitu. Yalitiwa kwenye keki na kwenye kahawa. Kichwa kikiuma, yalipakwa kwenye kipaji cha uso. Majirani wakigombana, Bibi alichukua mrashi wake akawanyunyizia wote wawili mpaka waone haya. Sundus naye alibeba chupa ndogo ndani ya mkoba wake wa shule, na kwa ajili hiyo darasa zima lilimwita Daktari wa Maua.

Aliyempa jina hilo ni Ghazi, mwana wa jirani. Nyumba zao zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Baba yake alikuwa mfinyanzi, mama yake, Mama Wasila, alipaka rangi vyungu, na Ghazi mwenyewe kazi yake ilikuwa kuchekesha watu. Aliweza kuiga sauti ya kila mwalimu wa shule yao, hata kikohozi cha mwalimu wa hesabu. Hesabu zenyewe ndizo zilizomshinda.

"Daktari, una marashi ya kutibu hesabu?" aliuliza siku hiyo walipokuwa wakienda shule.

"Ninayo. Yanaitwa kusoma."

"Hayo yana uchungu. Nitafutie mengine."

Wiki ya mitihani ilikuwa inakaribia, na mzaha wa Ghazi ulikuwa umeanza kupungua. Mwaka uliopita aliwahi kukaa mbele ya karatasi ya hesabu akatetemeka mpaka kalamu ikamtoka mkononi. Wanafunzi walimcheka. Naye, aliyezoea kuchekwa kwa hiari yake, hakupenda kuchekwa kwa lazima.

Nje ya lango la shule alikuwapo kijana mmoja ameegemea pikipiki. Alikuwa ameacha shule zamani lakini lango hakuliacha. Watoto walimwita Karamela, kwa kuwa aliwagawia wadogo peremende bure, akawapiga mabega kama kaka. Wazazi waliopita walimwona kijana mkarimu. Bwana Lutfi, msimamizi wa nidhamu shuleni, alikuwa na kazi nyingi za ndani hata hakuwa na wasaa wa kutazama nje.

Jumatatu iliyofuata Ghazi alikuja shuleni akiwa na furaha isiyo na sababu. Alicheka foleni ilipopangwa. Alicheka jina lake lilipoitwa. Macho yake yaling'aa na jasho lilimtoka ingawa asubuhi ilikuwa na baridi. Kisha, katikati ya mstari, akaanguka chini pu!

Sundus ndiye aliyemfikia wa kwanza. Alifungua chupa yake, akampaka marashi usoni na chini ya pua. Baada ya muda Ghazi alifumbua macho, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamshwa kwenye basi.

"Jua," alisema Bwana Lutfi, ambaye alikuwa na jibu la haraka kwa kila swali. "Watoto hawali asubuhi, kisha wanasimama juani. Sundus, mrudishe jirani yako nyumbani. Umefanya vizuri."

Njiani, kwenye kichochoro nyuma ya tanuri za vyungu, Sundus alisimama.

"Ghazi, jua gani hilo? Jua lenyewe lilikuwa bado nyuma ya msikiti."

Ghazi aliinamisha kichwa. "Karamela alinipa kidonge. Anasema kinaondoa woga. Nilitaka kukijaribu kabla ya mtihani."

"Umekula kidonge cha mtu wa pikipiki? Hata jina lake hasa hulijui!"

"Nisitiri, Sundus. Baba akijua atanitoa shule nikakanyage udongo. Niapie."

Sasa, katika mtaa ule, kumsitiri mwenzako ni jambo kubwa. Mtoto hufundishwa tangu akiwa mdogo kwamba ukiona aibu ya jirani, unafumba macho, na ukisikia ya nyumba ya pili, unaziba masikio. Mtu anayetangaza ya wenzake hapewi hata chumvi ya kuazima. Sundus alilelewa na Bibi Manubia, naye alijua adabu hiyo kuliko alivyojua hesabu.

"Wallahi sitamwambia mtu," alisema. "Ila nipe kilichobaki."

Ghazi alitoa kidonge kimoja kilichofungwa kwenye karatasi ya chokoleti. Sundus akakificha ndani ya kibweta cha kalamu ili akakitupe mbali. Lakini kila alipotaka kukitupa aliogopa kitaokotwa na mtoto mdogo, au na kuku wa mtu, kwa hiyo kikabaki pale pale.

Mama Wasila alipoambiwa na Sundus kuwa mwanawe alipigwa na jua, alimkumbatia msichana huyo mpaka mbavu zikauma. Jioni alileta sahani ya makrudhi, vile vitafunio vya tende vilivyochovywa kwenye asali. "Kula, mwanangu," alisema. "Bila wewe mtoto wangu angelala chini kama gunia." Sundus alipenda makrudhi kuliko kitu chochote duniani, lakini jioni ile alikula moja tu, akaisukuma sahani.

Mambo hayakuishia hapo. Siku mbili baadaye mvulana wa darasa la juu alianguka uwanjani. "Jua!" akapaza sauti Bwana Lutfi. "Sundus! Lete chupa!" Sundus akaja mbio, akampaka, mvulana akaamka. Kesho yake msichana mmoja alishikwa na kizunguzungu akaanguka maktabani, ndani kabisa, ambako jua halifiki hata likialikwa. Bwana Lutfi alisema ni jua la jana.

Mwalimu Mkuu, Bi Siham, alitangaza kila mwanafunzi avae kofia na anywe maji. Kisha akamsimamisha Sundus mbele ya shule nzima, wanafunzi wakampigia makofi, na akamwomba alete chupa kubwa ya marashi iwekwe ofisini. Sundus alivimba kichwa nusu siku. Ni nani asingevimba? Lakini saa ya kutoka, alipopita langoni, Karamela alimwita.

"Daktari! Hujambo, mwenzangu?"

"Mimi si mwenzako."

"Ah, wewe na mimi tuna duka moja," alisema Karamela akitabasamu. "Mimi nauza, wewe unaamsha. Mtu akianguka asipoamka, biashara yangu itakufa. Mungu akuzidishie marashi."

Sundus aliondoka haraka, masikio yakimwaka moto. Alitamani kuivunja chupa ile palepale barabarani. Watu wote walikuwa wanamsifu, na kumbe sifa zile zilikuwa zinamfaidi Karamela.

Jioni alimkuta Bibi akipooza bomba la mtungi kwa matambara yenye maji. Alizunguka zunguka, akapanga chupa zilizokwisha kupangwa, kisha akauliza, "Bibi, mtu akikuomba umsitiri, nawe ukaapa, inakuwaje?"

"Inakuwa umesitiri," alijibu Bibi bila kugeuka. "Anayemsitiri nduguye duniani, Mungu humsitiri akhera. Kwa nini? Nani kafanya nini?"

"Hakuna. Nauliza tu."

Bibi aligeuka akamtazama kwa muda. Lakini moto ulikuwa unazidi na mtungi ulihitaji macho, akarudi kwenye kazi yake. Sundus alikwenda kulala na kiapo chake. Maskini! Alimhurumia Ghazi, alimwogopa Mungu, na alimchukia Karamela, na hakujua asikilize ipi kati ya huruma, hofu na chuki.

Ghazi mwenyewe alimwahidi kwamba hatarudia. "Nimetubu, Daktari. Hata peremende zake sigusi." Na Sundus akamwamini, kwa sababu alitaka sana kumwamini.

Siku ya mtihani wa hesabu ilifika. Madirisha yalifunguliwa na harufu ya maua ikaingia darasani. Mwalimu aligawa karatasi, akakohoa kile kikohozi chake, na hakuna aliyethubutu kucheka. Sundus alikuwa swali la pili aliposikia kiti kikikwaruza sakafu. Alipogeuka, Ghazi alikuwa amelala kati ya madawati, midomo imekauka, mkono mmoja ukirukaruka peke yake.

Bwana Lutfi alikuja akikimbia. "Jua! Fungueni nafasi! Sundus, chupa!"

Sundus alipiga magoti. Alipaka marashi kwenye kipaji, chini ya pua, kwenye vifundo vya mikono. Akamimina yote. Ghazi hakufumbua macho. Pumzi yake ilikuwa ya haraka na fupi, na uso wake ulikuwa umepauka kama udongo kabla ya kuchomwa.

"Ongeza," alisema Bwana Lutfi. "Kuna chupa nyingine ofisini. Atazinduka tu, ni jua."

Hapo Sundus aliangalia chupa tupu mkononi mwake, akaangalia uso wa rafiki yake. Kiapo kilikuwa kooni, na Ghazi alikuwa chini.

"Si jua!" alipiga kelele mpaka sauti ikapasuka. "Si jua, Bwana Lutfi! Hata siku ile halikuwa jua! Amemeza vidonge vya Karamela. Wote waliozimia nadhani wamemeza. Nilikuwa najua, nikanyamaza. Itisheni daktari!"

Bi Siham, aliyekuwa mlangoni, hakupoteza muda kuuliza kwa nini wala tangu lini. Alipiga simu hospitali palepale. Sundus alimwaga kalamu zake zote sakafuni, akaokota ile karatasi ya chokoleti na kumkabidhi. "Kimoja hiki hapa. Wapeni waone ni kitu gani."

Gari la wagonjwa lilifika, Bi Siham akapanda pamoja na Ghazi, na kile kidonge akakikumbatia mkononi kama yai.

Hospitalini, Mama Wasila na mumewe walifika wakiwa bado na rangi na udongo mikononi. Sundus na Bibi Manubia walikaa kwenye benchi la mbali. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Hatimaye daktari alitoka.

"Ataishi," alisema, na Mama Wasila akaanza kulia kwa sauti. "Moyo wake ulikuwa umeanza kwenda mbio vibaya. Bahati yenu tumeambiwa mapema ni nini alichomeza, na tumekiona. Kama tungehangaika na jua, sasa hivi tungekuwa tunazungumza maneno mengine."

Mama Wasila alifuta machozi, akamgeukia Sundus. "Ulikuwa unajua!" alisema. "Uliniangalia machoni ukaniambia jua! Na makrudhi yangu ukala!"

"Nilikula moja tu," alisema Sundus akilia. "Nisamehe, Mama Wasila. Niliapa."

Mama Wasila akamvuta, akambana kifuani kama siku ile ya kwanza. "Umeniudhi na umeniokolea mtoto," alisema. "Sijui nianze na lipi. Nitaanza na hili la kuokoa. Lile jingine tutagombana kesho."

Wiki hiyo hiyo Bi Siham aliwaita wazazi wote. Hakuficha kitu. Alisema shule ilidanganyika kwa kupenda jibu rahisi, na yeye wa kwanza. Bwana Lutfi alisimama akavua kofia yake ya jua, akasema, "Na mimi wa pili." Wale wengine wawili waliozimia walikuwa wamekwisha kukiri mbele ya wazazi wao na kupelekwa kwa daktari. Polisi nao waliarifiwa, lakini kulikuwa na kikwazo. Kila walipomsimamisha Karamela na kumpekua, mifuko yake ilikuwa na peremende tu. Gari la polisi likionekana kwa mbali, yeye anakuwa anasafisha pikipiki. Likiondoka, biashara inaendelea.

Wazazi wakaanza kubishana. Mmoja alitaka ukuta uinuliwe. Mwingine alitaka mbwa. Wa tatu alisema kosa ni la simu. Kelele zilipozidi, Bibi Manubia aliinuka taratibu, mkono mmoja kiunoni.

"Mwalimu Mkuu, naomba kuuliza. Ile midanzi iliyo nje kando ya ukuta wa shule, ni ya nani?"

"Ni ya shule, Bibi," alijibu Bi Siham, akishangaa. "Hakuna anayeichuma."

"Nimeona. Maua yanaanguka bure yanakanyagwa na pikipiki, na hiyo ni dhambi. Mnaturuhusu sisi wanawake wa mtaa tuje tuyachume? Asubuhi watoto wakiingia, mchana wakitoka, na jioni tena."

Kicheko kikaanzia nyuma na kuenea ukumbi mzima. Watu wa Nabeul walijua maana ya akina bibi kukaa mahali na mashuka yao. Penye wazee haliharibiki neno, na penye bibi sita wenye macho na maswali haliharibiki hata lango.

Kesho yake walifika kabla ya kengele, na vigoda, na birika za chai, na ngazi. Walitandaza shuka kuanzia lango mpaka kona. Karamela alipokuja alikuta mahali pake pamekaliwa na Mama Wasila.

"Karibu, mwanangu," alisema Bibi Manubia. "Mama yako ni nani?"

"Nimepita tu, Bibi."

"Unapita hapa kila siku, mwanangu. Kazi unafanya wapi? Umeoa?"

"Bado."

"Bado!" walisema bibi wote kwa pamoja, wakapiga ulimi kwa masikitiko. "Kijana mzuri namna hii! Umri wako?"

"Shika ngazi hii basi, usisimame kama mlingoti," aliongeza Mama Wasila, ambaye alikuwa anamtazama kwa macho yasiyocheka hata kidogo.

Siku hiyo Karamela hakuuza kitu. Wala kesho yake. Siku ya tatu alionekana akizunguka mdanzi mmoja wa kona, akitazama juu, akiondoka, akirudi tena. Bibi Manubia alifunga kilemba chake vizuri.

"Sundus," aliita, kwa kuwa watoto walikuwa ndio wanaingia. "Wewe una macho ya kuchuma. Panda mti ule. Mimi nakushikia ngazi. Chuma matawi ya juu, usibakize hata ua."

"Huo hauna maua, Bibi!" alidakia Karamela upesi. "Umekauka."

"Umejuaje, mwanangu? Ulipanda?"

Sundus alipanda. Matawi yalikuwa yamejaa maua, na kwenye panda ya juu, katikati ya majani, palikuwa na mfuko wa plastiki uliofungwa kwa uzi. Aliusukuma kwa ncha ya kidole. Mfuko ukaanguka juu ya shuka jeupe, ukapasuka, na vidonge vikamwagika kati ya maua.

Karamela alirukia kwenye shuka ili avikusanye. Lakini Mama Wasila alishika pembe moja, Bibi Manubia akashika nyingine, na wale wengine wakavuta kwa nguvu zote za miaka yao ya kukung'uta mazulia. Karamela akaenda chini kifudifudi. Kabla hajainuka, bibi wawili wanene walikuwa wamekwisha kaa juu ya mgongo wake, wakimwomba radhi kwa sababu miguu yao inauma. Bwana Lutfi alipuliza filimbi yake kama mwamuzi aliyeona penalti, na polisi wakaja. Safari hii hawakulazimika kupekua mfuko wa mtu. Aliyekuwa akimletea vidonge hivyo alikamatwa baadaye.

"Msimpige," Bibi Manubia aliwaambia polisi. "Naye ana mama. Lakini msimrudishe hapa."

Ghazi alirudi shuleni baada ya kukaa nyumbani na kuonana na daktari mara kadhaa. Baba yake hakumtoa shule. Alimkumbatia tu, kisha akamwambia jioni zote za mwezi ule atakanyaga udongo, na huku akikanyaga atasomewa hesabu. Ghazi aliomba ruhusa ya kusema mbele ya shule, na safari hiyo hakuiga sauti ya mtu. Alisema kwamba kidonge kile hakikuondoa woga wake, kiliuongeza, na kwamba sumu haionjwi. Mtihani wa hesabu alirudia peke yake chumbani kwa mwalimu. Alitetemeka mwanzo mpaka mwisho, na akapata tisa kwa ishirini.

"Tisa!" alisema akimwonyesha Sundus karatasi. "Sijafaulu, lakini ni tisa yangu mwenyewe."

Jambo moja lilikuwa bado linamsumbua Sundus. Ijumaa moja alimwambia Bibi, "Niliapa kwa jina la Mungu, na nikakivunja kiapo."

Bibi alimkalisha karibu. "Kuvunja kiapo cha kumwacha mtu afe si kosa. Ungekosa kama ungekishika. Lakini kiapo kina kafara yake, kulisha maskini kumi, na ingawa wewe bado mtoto na pengine hudaiwi, mimi napenda mambo yaishe vizuri. Kamwite huyo jirani yako aje asaidie. Ndiye aliyekuapisha."

Bibi alipika kuskusi kwa nyama ya kondoo na boga, akapakua sahani kumi, akazifunika kila moja kwa kitambaa safi. Aliwaambia watoto mlango gani wa kubisha na mlango gani wa kuacha sahani kizingitini bila kusema neno.

"Bibi, kwa nini tunazifunika?" Ghazi aliuliza. "Nzi hakuna."

"Ili mtaa usijue ni nani asiye na chakula leo," alisema Bibi Manubia. Kisha akainua kitambaa kimoja, mvuke ukapanda. "Lakini tazama chini yake. Kuna chakula, sivyo? Hiyo ndiyo sitara. Unamfunikia mtu aibu yake, na chini ya kitambaa unampelekea msaada. Ninyi wawili mlifunika njaa mkaiacha palepale. Na mimi nilipoulizwa nilijibu nusu, kwa kuwa nilikuwa natazama moto badala ya kumtazama mtoto. Mficha maradhi kilio humfichua. Mwenzenu akiwa hatarini, akiwaomba mfiche, mshikeni mkono mwende naye kwa mtu mzima. Mtu mzima wa kwanza asiposikia, nendeni kwa wa pili. Huko si kumwaibisha. Huko ndiko kumsitiri."

Sundus aliitikia kwa kichwa. Ghazi akazihesabu sahani kwa macho.

"Bibi, na mimi ni maskini," alisema kwa unyonge. "Nina tisa tu kwa ishirini."

Bibi Manubia alicheka mpaka akashika ukuta. "Nenda kapeleke hizo kwanza," alisema akipakua sahani ya kumi na moja. "Hii utaikuta."

Ghazi alichukua sahani mbili, Sundus akachukua mbili, wakatoka pamoja wakitembea taratibu ili mchuzi usimwagike.